Msimu wa Ligi ya Malta Mtaani Kwetu

Kila jioni ya mazoezi ukumbi wa nyumba yetu hapa Mji Mkongwe ulinuka mafuta ya karafuu, na harufu hiyo ilikuwa ya miguu minne: miwili ya kaka yangu Mundhir na miwili ya Yunus, mtoto wa Bi Asha wa nyumba ya pili. Walikuwa wakirudi kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja na vumbi hadi kwenye nyusi, wanakaa kwenye ngazi, wanachuana misuli kwa zamu huku wakigombana nani alimnyima mwenzake pasi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na kazi yangu ilikuwa kushika chupa ya mafuta. Niliishika kama amana. Shule sikwenda nayo mbali, niliishia kidato cha pili, kwa hiyo msomaji atanisamehe nikizunguka. Lakini tangu utotoni nina tabia ya kuandika mambo kwenye daftari, na haya ninayoyaandika nimejaribu kuyapima ili nisimwonee mtu. Hata mimi mwenyewe nisijipendelee, ingawa hapo ndipo penye kazi.

Mwaka huo alikuja Mzungu mmoja, wakala wa wachezaji, akasimama ukingoni mwa kiwanja jioni tatu mfululizo, kofia kichwani, kalamu sikioni. Jioni ya nne akamchukua Yunus. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema kwamba siku ile Mundhir alikuwa na homa. Nimeliandika hilo daftarini kwa wino mweusi, na ukilisoma utaliamini. Hakuwa na homa. Alicheza dakika zote, alicheza vizuri, na Yunus akacheza vizuri zaidi. Mguu wa kushoto wa Yunus uliupeleka mpira pale jicho lake lilipotaka, na mguu ule hakuununua dukani. Wazee husema mpewa hapokonyeki. Methali hiyo niliijua, tena niliichukia kuliko methali zote, kwa sababu kila mtu aliyekuja kumpa pole Mundhir alikuja nayo.

Yunus aliondoka kwenda Malta, kucheza ligi kuu ya huko. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyekuwa akijua Malta ni wapi. Tuliitafuta kwenye ramani ya darasani, mimi na Raya, mdogo wake Yunus, niliyekaa naye dawati moja shuleni na mkeka mmoja chuoni tuliposoma Kurani. Tulipoipata, ncha ya kidole cha Raya iliifunika yote. Jioni akawatangazia watu barazani kwamba kisiwa chenyewe ni kidogo kuliko Unguja, akidhani ni jambo la kuchekesha. Mundhir ndiye aliyemjibu, kwa upole wake wa siku zote. "Kidogo ndiyo, lakini wana timu ya taifa inayogombea kufuzu Kombe la Dunia. Sisi wakubwa tuna nini?"

Tangu hapo Jumapili ikawa siku ya Bi Asha. Yunus alipiga simu baada ya mechi, Bi Asha akasikiliza kwanza, kisha Raya akatoka mbio kuja barazani na matokeo, kanga imemteleza kichwani. Wanaume ambao maisha yao yote hawakuwahi kujua timu nyingine isipokuwa zile kubwa za Uingereza walikuwa wakimngoja mtoto wa miaka kumi na moja awaambie timu ya mji mmoja wa wavuvi kusini mwa Malta imetoka ngapi.

"Tumeshinda!" alisema siku ya kwanza, pumzi juu juu.

"Mmeshinda wewe na nani?" nikamuuliza.

"Sisi na kaka."

"Wewe ulipiga kona?"

Baraza zima likacheka, nami nikaonja utamu kidogo. Mara mzee mmoja muuza kahawa akamvuta Raya mkono akamkalisha karibu yake. "Waache wanaokuonea kijicho, mwanangu. Tueleze, goli kafunga nani?" Utamu wangu ukaishia hapo. Hakunitaja jina, lakini kila mtu alijua kijicho ni cha nani.

Lililonishangaza, na hadi leo sijalielewa vizuri, ni kwamba wivu wangu ulikuwa na bidii ya kazi. Mtu mwingine angeziba masikio. Mimi nilichukua daftari la hesabu, kurasa za nyuma, nikachora jedwali la ligi kuu ya Malta kwa rula. Timu zote, ya kwao na za wengine. Nilimbana Raya amuulize kaka yake matokeo ya kila mechi, nikajumlisha pointi, nikatoa tofauti ya magoli, na magoli ya Yunus nikayaweka safu ya peke yake kwa kalamu nyekundu. Sikumwibia hata moja. Nilikuwa nikitumaini, nafikiri, kwamba hesabu siku moja itanithibitishia kuwa Yunus si lolote. Haikunithibitishia. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa na magoli manne mekundu, na watu wakaanza kunijia mimi kuuliza msimamo. "Zuhura, hebu tutazamie, timu ya kaka yake Raya iko ya ngapi?" Daftari langu, rula yangu, mwandiko wangu; timu ya kaka yake Raya.

Na Bi Asha hakunisaidia hata kidogo, kwa sababu alikuwa mwema. Mwanawe alipomletea mzigo kwa mkono wa baharia mmoja, Raya alipata jezi ya njano na buluu, akaivaa juu ya gauni hadi ikafifia. Mimi nikaitwa. "Shikamoo Bi Asha." "Marahaba mwanangu. Shika na wewe, huna kaka mmoja, una wawili." Akanipa chokoleti iliyoandikwa maandishi nisiyoyajua. Akanieleza kwa furaha kwamba watu wa kule wanahesabu kama tulivyofundishwa Kiarabu chuoni, wahed, tneyn, tlieta, na japokuwa ni Wakristo Mungu wanamwita Alla. "Basi mwanangu yuko nyumbani," alisema. Chokoleti niliila nyuma ya mlango wetu, na ilikuwa tamu, na utamu wake ndio ulionikera. Hasidi hana sababu. Kama Bi Asha angeninyima, ningekuwa nayo.

Baada ya mwaka mpya timu ikaanza kuteremka. Niliishusha mwenyewe kwa kifutio, wiki baada ya wiki, mpaka ikafika ya pili kutoka mkiani, na mbili za mkiani hushuka daraja. Yunus alimwambia mama yake kwenye simu kwamba wakishuka mkataba wake umekwisha, atarudi. Wakabaki na mechi moja. Wakishinda wanabaki, na yeye anabaki, wakifungwa, basi. Bi Asha alikonda kwa wiki moja kama mtu aliyelazwa. Hapo ndipo alipofanya lile ambalo nadhani katika ligi zote za Ulaya halijawahi kufanyiwa mchezaji mwengine: aliita chuo kizima kije kumsomea sura ya Yasin.

Tulikwenda baada ya Alasiri, mechi ilikuwa ianze saa kumi na moja. Mikeka ilitandikwa ukumbini, udi ukafukizwa, na upande wa jikoni mikate ya kumimina ikapangwa chini ya kawa. Ile jezi ya Raya ilifuliwa, ikakunjwa vizuri, ikawekwa katikati karibu na chetezo cha udi. Ustadh wetu aliitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Bi Asha. Yasin ya mpira?"

"Ustadh, mwanangu msafiri. Wewe msomee msafiri. Mpira utakuwa humo humo."

"Na hii fulana?"

"Hiyo inasikiliza tu."

Ustadh alicheka kwa pua, akaanza. Yasin niliisoma yote. Sikuthubutu kuiruka, nilimwogopa Mungu kuliko nilivyomwonea wivu Yunus, ingawa tofauti yao siku ile haikuwa kubwa. Kisha ikaja dua. Ustadh akaomba salama, sisi tukaitikia; akaomba afya, tukaitikia; akaomba, kwa sauti ya mtu anayeona haya kidogo, kwamba Mwenyezi Mungu amjaalie Yunus ushindi na kheri katika kazi yake na asimrudishe mikono mitupu. "Amin!" ukumbi mzima ukasema. Mimi nilibana meno. Nilifungua viganja kama wengine, nikachezesha midomo ili Raya aliyekuwa begani kwangu asijue, na sauti nikaizuia kooni. Mara tatu Ustadh alilirudia, mara tatu nikaizuia. Ya tatu nilipoinua macho nikamwona Mundhir. Alikuwa amesimama mlangoni na wanaume wengine, viganja juu, macho yamefumbwa, na "Amin" yake ilikuwa ndiyo kubwa kuliko zote mle ndani. Kama angeniitikia wivu wangu, kama angekunja uso tu, ningekuwa na mwenzangu. Niliachwa nao peke yangu.

Walifungwa mbili bila. Raya alikuja kuniambia mwenyewe, giza limeshaingia, na safari hii hakukimbia. Nilimkumbatia akanililia shingoni, na nilipokwisha kumbembeleza niliingia ndani nikayaandika matokeo kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote. Mwezi uliofuata Yunus akarudi. Mtaa ulimpokea vizuri, mpira akawa anacheza wa kujifurahisha, na mimi kila nikimwona anapita niliona mtu niliyemteremsha daraja kwa meno yangu.

Nimeishi na hilo miaka mingi. Sasa natandika vitanda katika hoteli moja ya hapa hapa mjini, na Yunus anaendesha gari ya kupeleka wageni Kidichi kutazama mashamba ya viungo. Asubuhi nyingine huwangoja mlangoni mwa hoteli yetu. Mwezi uliopita wageni walichelewa kushuka, nami sijui nini kilinipata, nikamwambia yote, jezi, dua, meno. Alinisikiliza akiizungusha funguo ya gari kidoleni.

"Zuhura, unaniomba radhi ya mechi ambayo sikucheza?"

"Hukucheza vipi?"

"Nlikuwa nshaachwa tangu mwezi wa pili. Goti. Nlikuwa naosha masufuria mkahawani, Jumapili namuuliza mwenzangu mmoja matokeo, halafu nampigia mama."

"Na lile goli la kichwa la mwezi wa tatu? Nimeliandika."

"Goli la mwenzangu. Nililiazima." Akacheka, kisha akaacha. "Ukweli nnakwambia, nyie mlikuwa mnaomba washinde, mimi nnaomba washuke. Wakishuka nina sababu ya kurudi. Raya nimemwambia. Mama alikufa hajui."

Nisijipe thawabu. Siwezi kusema kwamba mimi peke yangu katika ukumbi ule nilikuwa upande wake; meno yangu hayakubanwa na huruma. Nilichojua ni kwamba mzigo niliokuwa nimeubeba haukuwa wangu, na wala sikuona wepesi nilioutarajia. Nilipofika nyumbani nilifikiria watoto wa siku hizi. Mpwa wangu anafuatilia ligi za nchi ambazo hata mimi na Raya hatukuwahi kuzifunika kwa kidole. Simu inamwonyesha nani kapangwa, nani yuko benchi, nani kaumia, hata kabla kipenga hakijalia. Uongo wa Yunus leo usingefika nusu saa. Lakini pia hakuna anayekimbia na matokeo kuja barazani, kwa kuwa kila mtu yuko na yake mkononi, na mtaani kwetu ligi moja ya mbali haijapata tena kuwakutanisha watu kiasi cha kuombeana dua. Sijui kipi bora. Wenye elimu watasema.

Ningependa kumaliza kwa kuandika kwamba baada ya mazungumzo yale wivu ulikufa. Haukufa, na niliahidi kupima. Yunus alipotamka kwamba aliachwa, kabla huruma haijafika, lilinijia neno moja tu: bora yeye. Ili uachwe, kwanza uwe umechukuliwa. Kaka yangu Mundhir hivi sasa yuko Tunguu, anatunza stoo ya chuo kikuu, ana watoto watatu, halalamiki, na Ijumaa akimkuta Yunus msikitini hukaa naye safu moja. Na katika maisha yake yote hakuna timu, hata ya nchi ndogo kuliko Malta, iliyowahi kumwacha.