Vistari Saba vya Kidole

Ofisini walimwita Kidole, na jina lenyewe alilipenda, kwa hiyo msimwonee huruma. Ukimpa kibonge cha udongo anakitemea mate kidogo, anakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, anakivingirisha kama uzi, halafu anakwambia: huu mfinyanzi, huu tifutifu, huu una mchanga theluthi. Maabara ingehangaika siku tatu na mirija yake ije na jibu lile lile. Miaka ishirini na miwili aliifanya kazi hiyo kwenye ofisi ya udongo, chumba cha tatu ukitoka chooni, chenye mifuko ya sampuli mpaka darini na vumbi la zamani ambalo hata ufagio ulilipa shikamoo ukapita.

Sasa mtu akisifiwa miaka ishirini na miwili, kichwa hakibaki saizi yake. Kidole alianza kuamini kwamba udongo akiushika juu, wa chini anaujua. Shida yake ilianzia hapo, hapo na kwenye goti la kulia.

Ofisi ilitumwa kupima malisho ya mlimani, mteremko mrefu wa nyasi fupi ambako wafugaji wa vijiji vitatu hulisha ng'ombe na kondoo. Wenyewe ndio walioomba. Walitaka kujua kama kuna sehemu inayofaa kulimwa, wagawane. Bosi, mama mmoja kijana aliyesomea udongo mpaka akavaa miwani, alitia alama arobaini kwenye ramani. Kila penye alama, Kidole azamishe keekee, ile ndefu ya kuzungusha kwa mikono miwili, mpaka iishe mita moja na nusu au mpaka igonge mwamba. Aandike rangi, aandike aina, aandike kina.

Na ofisi yao ilikuwa na utaratibu mmoja. Kwenye safu ya mwamba, keekee ikigonga unaandika sentimita. Usipopima unaacha wazi. Ikizama yote isigonge kitu, unachora kistari. Kistari maana yake hapa udongo ni wa kina, mwamba hatukuuona.

Alama thelathini na tatu alizipima kwa haki. Siku ya nne ukungu ukashuka, goti likavimba kama limepulizwa. Zilibaki saba, zote juu kwenye mgongo wa mteremko. Akapanda nusu ya njia, akakaa juu ya jiwe kubwa lililochomoza kwenye nyasi. Akang'oa nyasi, akachota gao la udongo. Ulikuwa mweusi, laini, umejaa vizizi na mboji, unanukia mvua. Akausugua.

"Huu?" akajiambia. "Huu unakwenda mpaka kwa shetani."

Akajaza rangi saba, aina saba, na kwenye safu ya mwamba akachora vistari saba bila hata kuinuka. Moyoni akasema kesho nitarudi nihakikishe. Kesho yake gari liliondoka saa mbili asubuhi, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuketi ndani.

Miezi mitatu ikapita. Jumapili moja mchana shemeji yake akabisha hodi. Huyu ni kaka mkubwa wa mke wake, mfugaji wa huko huko mlimani, mtu mrefu wa maneno mafupi. Siku hiyo maneno alikuwa nayo tele.

"Shemeji! Kumbe kidole chako tulikuwa tunakitania bure!"

"Kimefanya nini tena?"

"Kimetupa mashamba! Ramani imekuja. Mgongo mzima wa mteremko umepakwa kijani. Udongo mweusi, wa kina, unafaa kulimwa. Fungu langu limeangukia juu kabisa. Alhamisi tunatia plau."

Mke wa Kidole akashangilia kutoka jikoni. "Mama alikuwa ananiuliza, huyo mchimba mashimo ana cheo gani? Nikamwambia, mama, tulia utaona!"

"Mimi nilitaka kukataa," shemeji akaendelea. "Kulima sikujui. Nyasi zile alilisha babu, akalisha baba. Lakini nikawaambia wenzangu, aliyepima ni shemeji yangu. Mkono wake ukisema kina, ni kina. Nimewaapia."

Kidole aliinua kikombe cha chai akanywa. Chai ilikuwa imekwisha zamani.

"Baba watoto, mbona kimya?" mkewe akauliza.

"Goti."

"Siku hizi goti ndilo linalojibu?"

Jumatatu aliwahi ofisini kabla hata mlinzi hajafungua madirisha. Akakitafuta kitabu chake cha uwandani, akiomba Mungu iwe aliacha wazi. Hakuacha. Vistari vilikuwa saba, vimenyooka kama vimepigwa rula. Bosi akapita mlangoni.

"Mzee wangu, ile kazi ya mlimani nimekusifia kwenye barua."

Kidole akafungua kinywa. Kilichotoka ni "Asante, mama."

Lakini huenda udongo ni wa kina kweli, alijituliza. Jumanne akaaga kwamba goti linamsumbua, akachukua keekee, akadandia lori mpaka mlimani. Akazamisha penye alama ya kwanza. Ngo! Sentimita ishirini na moja. Ya pili, ngo! Kumi na nane. Ya tatu aliitikisatikisa keekee kama anayeibembeleza, nayo ikagoma kwenye ishirini na sita. Zote saba hivyo hivyo. Ule weusi ulikuwa kapeti tu juu ya sakafu ya mwamba, na nyasi ndizo zilizokuwa zimelishika kapeti kwa kucha. Likipita plau, mvua mbili kubwa zingeacha mifupa mitupu. Shamba hakuna, malisho hakuna.

Shemeji akamwona kwa mbali, akaja anacheka. "Umekuja kutubariki?"

Ndani ya lori Kidole alikuwa ametengeneza maneno, na ndiyo aliyoyatoa. "Shemeji, msilime. Ofisi imekosea kidogo."

"Ofisi nani? Yule mama wa miwani?" Shemeji akatema mate. "Nilijua! Mtoto wa vitabu yule, udongo anausoma, haushiki! Leo leo nakwenda kumsema kwa wakubwa zake."

Kidole akamwona akilini yule mama mlangoni, na barua yake ya kumsifu.

"Si yeye," akasema. "Ni mimi. Hizi za huku juu sikupima."

"Hukupima?"

"Goti liliuma. Nilikaa pale jiweni nikaandika."

Shemeji aliliangalia jiwe, akamwangalia yeye, akaliangalia tena jiwe. "Yaani ulikalia mwamba, ukaandika hakuna mwamba."

Kidole akaanza kufuta udongo kwenye keekee. Shemeji akaendelea.

"Mimi nimewaapia watu kwa mkono wako. Sasa saa kumi tunakutana pale joshoni. Utawaambia wewe, kwa kinywa chako."

Akawaambia. Walikuwa wafugaji kama hamsini. Bibi mmoja tu aliuliza, "Ungekuwa unakaa huku, ungeandika hivyo?" Na mkutano ukavunjika.

Jumatano alisimama mbele ya meza ya bosi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Na zile thelathini na tatu?"

"Hizo nilipima, mama. Haki ya Mungu."

"Nitajuaje?"

Kidole aliangalia vidole vyake kama vingemjibia. Mama akafuta kijani kwenye ramani, akaandika: udongo mweusi mwembamba juu ya mwamba, malisho tu. Kisha akamwambia arudi apime zote arobaini upya, na mwenyeji mmoja awe shahidi.

Wenyeji wakamchagua shemeji. Alhamisi ya wiki iliyofuata wote wawili walikuwa mlimani, ng'ombe wakila nyasi karibu yao. Kitabu na kalamu alivishika shemeji, hakutaka kuvitoa. Kidole akazungusha keekee mpaka ikagonga.

"Ishirini na mbili," akasema.

Shemeji hakuandika. Akapiga magoti, akaweka rula mwenyewe, akainama mpaka jicho likakaribia shimo, ndipo akaandika.

"Twende nyingine," akasema. Siku hiyo yote hakumwita shemeji.