Maziwa Yaliyojitenga

Likizo ya uzazi ilipokwisha mtoto alikuwa na miezi mitatu kamili, na mama yake alikuwa ameshasahau kulala saa nne mfululizo kulivyo. Alikuwa mshonaji wa hospitali. Si wa vidonda, kama alivyopenda kuwatania waliomuuliza, bali wa mashuka. Alikaa kwenye cherehani ya umeme ndani ya chumba cha dobi, akiziba matundu, akipinda kingo zilizochanika na kurudishia kamba magauni ya wagonjwa. Kila asubuhi furushi la nguo mbovu lilimsubiri mezani, na hata siku moja hakuliona limepungua.

Mume wake alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuondoka wiki mbili na kurudi siku tatu. Kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyekuja kukaa na mtoto. Alifika na begi moja na mto wake mwenyewe wa kulalia, akamwangalia mjukuu, akamwangalia mkwewe, akasema, "Huyu mtoto ana afya. Wewe ndiye umeisha." Mtoto walimwita Bosi, kwa sababu akikohoa tu watu wazima wawili walisimama.

Muuguzi wa kliniki ya watoto alikuwa amemwambia mshonaji mapema: maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, hata maji asipewe. Na kwa kuwa kazi iko palepale, akamfundisha kukamua kwa mkono, kuhifadhi kwenye vikombe safi vyenye kifuniko, na mtoto kunyweshwa kwa kijiko. Mshonaji alishika kila neno. Saa kumi na moja alfajiri alinyonyesha, akakamua, akatoka. Saa nne asubuhi na saa saba mchana aliingia stoo ya mashuka, akakaa juu ya furushi na kukamua tena. Mpiga pasi, mzee mwenye mikono iliyojaa alama za kuungua, alisimama nje ya mlango akijifanya anapanga foronya. Mtu akitaka kuingia, mzee alisema tu, "Stoo ina kazi," na hakuongeza neno.

Jioni alibeba vikombe viwili vitatu ndani ya chupa pana ya kuhifadhia baridi, akaviweka kwenye friji kwa ajili ya kesho. Kisha akapika, akafua nepi, akanyonyesha, akasinzia amekaa.

Mtoto alipofika miezi mitano alimpeleka kupimwa. Muuguzi alisoma mizani, akasoma kadi, akarudia mizani.

"Mwezi uliopita kilo sita na robo. Leo kilo sita na robo. Anakula nini?"

"Maziwa yangu tu."

"Basi ama hayatoshi, ama hayamfikii. Kamua mara nyingi zaidi, kunywa maji ya kutosha, pumzika."

Kwenye neno pumzika mshonaji alitabasamu, maana hakutaka kuonekana mkorofi. Njiani aliangalia ule mstari kwenye kadi, ambao mwezi baada ya mwezi ulikuwa ukipanda na sasa umelala tu kama uzi uliokatika. Alijiona ameshindwa kitu ambacho hata wanyama wanakiweza. Kuanzia siku ile aliamka saa kumi badala ya kumi na moja. Akaongeza kikombe cha nne. Mara mbili alijidunga sindano ya cherehani kidoleni kwa usingizi, akafunga kitambaa na kuendelea. Nyumbani hakusema kitu zaidi ya, "Hajaongezeka, mama," na mama mkwe akageukia masufuria.

Wiki moja baadaye maji yalikatika hospitalini. Mashine za kufulia zikanyamaza, na msimamizi akawaruhusu watu waondoke saa tano. Mshonaji alitembea mpaka nyumbani polepole, akishangaa kuona mtaa wake mchana. Alifungua mlango akamkuta mama mkwe amesimama kwenye sinki, kikombe mkononi, anamwaga maziwa. Vikombe viwili vilikuwa tayari vitupu. Juu ya jiko palikuwa na sufuria ndogo ya uji mwepesi, na Bosi alikuwa kwenye mkeka, uji umeganda kidevuni.

Hakupiga kelele. Nguvu za kupiga kelele angezitoa wapi? Alikaa chini palepale mlangoni, mkoba ukiwa bado begani.

"Mama," alisema. "Hayo nimeamka saa kumi kuyakamua."

Mama mkwe aliweka kikombe cha mwisho mezani, bado kina maziwa. "Najua. Nakusikia ukiamka. Lakini hebu njoo uone mwenyewe. Yamekatika. Juu mafuta, chini maji. Nimpe mtoto maziwa yaliyochacha?"

"Tangu lini?"

"Tangu ulivyorudi kazini. Mwanzoni nilimpa ya siku hiyohiyo, yale unayoacha alfajiri. Hayo ya friji nilishindwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama mkwe alifuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena. "Unarudi umejikokota hivyo, hata kijiko kinakuanguka. Nikuambie kwamba maziwa yako ni mabovu? Nilidhani una ugonjwa mwilini. Nikasema nimlishe mtoto kimyakimya, wewe upate nguvu kwanza."

Mshonaji alitaka kukasirika. Alijitafutia hasira kila mahali akaikosa, akakuta uchovu tu, na chini ya uchovu, aibu ya kujua kwamba mwenzake naye alikuwa akiubeba mzigo wake peke yake. Alimnyanyua mtoto, akamnyonyesha pale chini. Mama mkwe akajisogeza, akamvua mkoba begani.

Siku ya pili walikwenda kliniki wote wawili. Muuguzi hakugomba. Aliomba kikombe walichokuja nacho, akakiweka kwenye bakuli la maji ya moto kiasi, akawa anakizungusha taratibu. Baada ya muda alikifunua. Maziwa yalikuwa yamechanganyika, meupe, ya kawaida.

"Yakijitenga hayajaharibika," alisema. "Mafuta yanapanda juu, basi. Kwenye friji yanakaa hata siku tatu. Yakichacha kweli utayajua kwa harufu, mama, hutahitaji kuniuliza."

Mama mkwe alinusa kikombe. Alikinusa kwa muda mrefu.

"Na uji?" aliuliza. "Mbona nimelea watano kwa uji huuhuu?"

"Uji mwepesi unajaza tumbo, haujengi mwili. Anashiba maji, halafu hanyonyi. Na tumbo la miezi mitatu, minne, bado changa. Linapata kuhara upesi."

Muuguzi alidhani yameisha, akavuta kadi aandike.

"Wanne wapo," alisema mama mkwe, sauti imeshuka. "Huyo mwingine aliharisha. Alikuwa na miezi mitano. Ulikuwa uji?"

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Sijui, mama. Hakuna anayeweza kujua leo. Kuhara kunaletwa na mengi, maji, chombo, homa za watoto tu. Wewe ulimpa ulichoambiwa kinafaa."

"Niliambiwa na mama yangu."

"Ndiyo. Na yeye alimpenda mjukuu wake."

Walirudi kwa miguu. Mama mkwe alimbeba mtoto, mshonaji akabeba mfuko. Katika miaka sita ya ndoa mume wa mshonaji hakuwahi kumwambia kwamba aliwahi kuwa na ndugu mwingine, na pengine hata yeye hakujua. Walipofika ngazini mama mkwe alisimama kupumua, akasema, "Alikuwa mweupe kidogo kuliko hawa wanne," na wakapanda.

Tangu hapo mama mkwe alipasha vikombe kwa utaratibu wa daktari wa upasuaji. Ananawa mikono, anazungusha, ananusa, ndipo anampa. Maziwa yaliyobaki mtoto akishashiba hakuyarudisha kwenye friji. Mstari wa kadi ulianza kuinuka, si kwa kishindo, robo kilo, kisha robo nyingine. Bosi alipotimiza miezi sita aliweza kukaa akiegemezwa, na kila kijiko kilichoelekea mdomo wa mtu mwingine alikifuata kwa macho kama mdai.

Jumamosi moja mchana, mshonaji akiwa na mapumziko, mama mkwe alipika uji tena, mzito safari hii, wa kukaa kwenye kijiko bila kumwagika, bila chumvi wala sukari. Mtoto alinyonya kwanza. Kijiko cha kwanza alikitema kwenye shavu la bibi yake. Cha pili alikizungusha mdomoni akiwa amekunja uso, akameza. Cha tatu alikataa, wakamwacha.

"Vijiko viwili," mama mkwe alisema. "Kesho vitatu. Hatushindani na mtu."

Wiki zilizofuata waliongeza kiazi kilichopondwa, ndizi, boga, maharage yaliyomenywa maganda, yai lililoiva vizuri. Kimoja kimoja, siku mbili tatu kabla ya kingine, waone tumbo linasemaje. Mshonaji alikamua mara moja tu kwa siku kazini sasa. Mpiga pasi alimuuliza kama bado ana haja ya mlinzi. Alimwambia bado kidogo.

Kwenye kliniki ya mtoto kutimiza miezi minane foleni ilikuwa ndefu. Mshonaji alikaa kwenye benchi, akaegemeza kichwa ukutani, na macho yakamshinda. Alisikia kwa mbali muuguzi akiuliza mtoto anakula nini, na mama mkwe akijibu bila haraka: maziwa ya mama yake kwanza, halafu uji mzito, halafu kiazi na maharage, yai, asali hapana mpaka atimize mwaka.

"Na mama yake hali yake?" muuguzi aliuliza.

"Muache alale," mama mkwe alisema. "Saa nane anatakiwa kazini."