Mlango niliochongea msichana wangu Nekesa, na herufi moja iliyotaka kuurudisha nyumbani

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo.

Leo nataka kuwaambia kitu kilichonipata mimi mwenyewe. Hii si hadithi ya kuokota. Nitaisema vile ilikuwa, hata pale nilipoaibika, kwa sababu mzee anayesimulia ushindi peke yake ni muongo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mzaliwa wa Myanga, Bungoma, lakini nimekaa upande wa Kitale miaka mingi. Nilikuja kama kibarua wa kuvunja mahindi. Shule niliacha darasa la tatu. Useremala sikufundishwa na mtu, niliiba kwa macho. Nilikuwa nasimama nje ya karakana ya fundi mmoja mpaka ananifukuza, kesho narudi.

Leo niko na shamba, niko na nyumba, na watoto wangu wote wamesoma. Kwa hivyo mtu asiniambie mambo ya certificate.

Sasa, mimi niko na ugonjwa mmoja. Napenda vitu vya zamani.

Niko na taa za karabai nne, na mbili bado zinawaka. Niko na pasi za makaa. Niko na mikebe ya maziwa ya wazungu, bawaba za shaba, vitasa ambavyo funguo zake ni kubwa kama kijiko cha supu. Majirani wanasema nakusanya takataka. Nekesa yeye anasema ati ni "vintage". Mimi nasema ni vitu ambavyo vilitengenezwa na mtu mwenye hakuwa na haraka.

Mwaka uliopita nilikuwa napita upande wa Endebess. Nikaona wanabomoa nyumba moja ya shamba la zamani, mwenyewe anataka kujenga maisonette, zile nyumba za ghorofa.

Wakuu, mnajua vibarua walikuwa wanachanganyia simiti juu ya nini?

Juu ya mlango.

Nilishika kichwa. Nikakwaruza pembe moja na kisu. Rangi nyeupe, chini yake bluu, chini yake krimu, chini yake kijani. Halafu mbao. Teak ya Elgon, nyeusi-nyeusi, mishipa yake inatembea kama maji. Niliwaachia wheelbarrow yangu nikachukua mlango. Walinicheka. Walidhani wamenipiga.

Nilifika nyumbani mke wangu, Mama Nekesa, akaangalia ile kitu, akaniangalia mimi.

"Baba Nekesa, umetoka na wheelbarrow umerudi na mlango. Kesho utatoka na ng'ombe urudi na dirisha?"

Nikauegemeza ukutani. Mtu anayeona na mtu asiyeona hawabishani.

Miezi miwili nilikuwa kwa huo mlango. Rangi sikutoa na moto wala dawa, nilitoa na kipande cha glasi, pole pole, kwa sababu moto unapasua mbao ya zamani. Mashimo ya wadudu niliziba na unga wa mbao ya huo huo mlango nikichanganya na gundi. Bawaba za shaba nilisugua na ndimu na majivu mpaka zikaangaza. Halafu mafuta ya linseed, halafu nta ya nyuki wa mlimani. Varnish hapana. Varnish ni ya mtu anayeficha kitu.

Mama Nekesa alisimama hapo siku moja akasema, "Hii mlango imepakwa mafuta kuliko mimi."

Nikamwambia na yeye akiwa na miaka mia nitampaka. Tulicheka sana.

Sasa sikilizeni kwa nini nilijitesa hivyo.

Nekesa ameolewa Kamukuywa. Bwana yake, Wafula, ni kijana mzuri. Walikuwa wamekarabati nyumba ya zamani ya hiyo boma: mabati mapya, simiti chini, dirisha kubwa. Kulikuwa na siku imepangwa ya kufungua nyumba na maombi. Mimi nilijiambia, sitapeleka thermos. Kila harusi thermos, kila nyumba thermos, mpaka mtu ako na thermos tisa na chai ni ya kikombe kimoja. Baba ambaye ako na mikono apeleke kitu cha mikono.

Nikapiga simu.

"Baba," Nekesa akasema, "Wafula ashaongea na fundi wa welding. Mlango wa chuma, uko na maua ya dhahabu."

"Mlango wa chuma ni wa jela."

"Baba, please."

"Mimi nimesema. Ni wewe uamue."

Akasema, "Basi lete. Lakini Baba, hao ni watu wamesoma. Baba Wafula alikuwa headmaster. Tutauweka, na wa chuma nao utakuwa hapo kando. Wageni wakiona haukai vizuri, wako utaenda kwa nyumba ya kuku, na usikasirike."

Nyumba ya kuku. Mlango wangu!

Nilikubali, lakini hilo neno liliniingia kama mwiba. Nikaona lazima niongeze kitu ambacho hakuna welder anaweza. Pale juu kulikuwa na ubao mpana. Nikaamua kuchonga maneno. Herufi kubwa, za kuzama ndani, patasi na nyundo ndogo. Siku kumi.

Nikachonga: KALIBU NYUMBANI.

Nyinyi mmesoma, mshaona. Mimi sikuona.

Na msiseme ningeuliza. Niliuliza! Nilimwita Mama Nekesa, yeye alifika darasa la tano. Akasoma kwa sauti vizuri kabisa, akasema imetoka safi. Lakini Mama Nekesa pia ni wa Myanga. Mdomo wetu ni mmoja. Kile mimi nimekosa, yeye amekosa na mimi.

Siku ikafika. Jirani yangu ako na pickup, tukafunga mlango na blanketi mbili kama mgonjwa tukaenda Kamukuywa asubuhi. Nilipachika mwenyewe. Uliingia kwa fremu, ukafunga bila sauti. Bila sauti, wakuu. Mnaweza kusukuma na kidole kimoja.

Wageni wakaja, pastor akaomba, utepe ukakatwa. Halafu watu wakasimama pale mbele kuangalia, na mimi nimesimama kando, mikono nyuma, nangoja sifa zangu.

Nikasikia kicheko.

Mimi nilidhani ni cha furaha! Nikacheka pia. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo, kwamba nilicheka pamoja nao.

Kumbe ni Simiyu, ndugu ya Wafula, anafanya kazi Nairobi. Ameinua simu anapiga picha, anasema, "Wacha bana! Mzee hajachonga mlango, amechonga accent!"

Watu wakaanguka. Nekesa akageuka akaingia jikoni. Nikaona Wafula anaangalia ule mlango wa chuma, uko pale kando umeegemea ukuta, maua yake ya dhahabu yanawaka kwa jua.

Baba Wafula, ambaye sisi wote tunamwita Mwalimu, akanisogelea. Ni mtu wa heshima. Aliongea chini ili watu wasisikie.

"Mkwe, hapo ni R."

"Wapi?"

"Herufi ya tatu."

"Kwani mimi nimeweka gani?"

"Umeweka L."

"Na si ni kalibu?"

"Ni karibu."

"Si hiyo ndiyo nasema. Kalibu."

Mwalimu akafunga macho kidogo. Halafu mama yake, yule tunaita Kukhu, yaani nyanya, mama mzee sana, alikuwa ameketi kwa kiti cha plastiki karibu na sisi. Masikio yake ni mazima kuliko ya wote.

"Mwalimu, wacha kusumbua mkwe," akasema kwa nguvu. "Wewe mwenyewe asubuhi ulimwambia pastor aje jikoni, 'kalibu chai'. Mimi nilikusikia."

Sasa kicheko kikahamia kwa Mwalimu. Na yeye akacheka, hakukataa.

Halafu akajaribu kunisaidia. Akasimama mbele ya watu akasema, "Kwanza mjue kalibu ni neno. Liko kwa kamusi. Ni ile kitu mhunzi anamwagia chuma kilichoyeyuka ndipo kishike umbo. Kwa hivyo mzee ana maana kwamba nyumba ndiyo inampa mtoto umbo."

Watu wakasema aaa. Wengine wakapiga makofi.

Wakuu, hapo ningenyamaza ningeshinda. Ningeenda nyumbani nikiwa mzee wa mafumbo. Lakini mimi sijajenga maisha yangu na vitu vya kuazimwa.

Nikasema, "Mwalimu, asante. Lakini mimi sikuandika mambo ya chuma. Nilitaka kuambia wageni wa msichana wangu waingie. Nimekosea. Na kosa la seremala linatengenezwa na seremala."



Wafula akasema, "Baba, si tuutoe tu, urudi nao Kitale, utengeneze pole pole." Alisema kwa heshima. Lakini nilijua. Mlango ukitoka hapo siku hiyo, wa chuma unaingia, na wangu hautarudi tena. Na kwetu baba halali kwa boma ya msichana aliyeolewa. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Ilikuwa ni sasa, ama nyumba ya kuku.

Nilisimama mbele ya ile L nikaiangalia vile mtu anaangalia fahali.

Herufi imezama ndani ya mbao. Huwezi kufuta. Ukiziba na gundi, mtu ataona kiraka milele. Lakini nikaona kitu. Mgongo wa L ni mgongo wa R. Juu kwa mkono wa kulia pako wazi. Naweza kuongeza kichwa, naweza kuongeza mguu wa kutoka pembeni. Shida ni ile fimbo ya chini ya L, imelala hapo, haina kazi.

Basi, nikasema, nitaipa kazi.

"Mwalimu, uko na kalamu ya mbao?"

Mtu amefundisha miaka yote hiyo, atakosa penseli? Ilikuwa kwa mfuko wa shati.

"Nichoree R hapo. Kichwa na mguu peke yake."

Akapanda kwa stuli. Akachora R ya ubaoni, nzuri, tumbo limejaa. Mimi nikaenda kwa gunia langu nikatoa patasi na nyundo, nikapanda kwa stuli. Nikachonga kichwa. Nikachonga mguu. Halafu nikachukua rula, nikapiga mstari mmoja mrefu chini ya maneno yote, kutoka K mpaka I ya mwisho, pale pale ile fimbo ya L ilikuwa imelala. Nikauchonga wote, upana mmoja, kina kimoja.

Fimbo ikapotea ndani ya mstari. Ikawa ni kama ilikuwa imepangwa hivyo tangu mwanzo.

Chai ilipoa kwa vikombe. Simiyu bado ameinua simu, lakini sasa mdomo umefunga. Nikapaka nta, nikapangusa na kofia yangu, nikashuka.

Mwalimu akasoma kwa sauti ya darasani: "KARIBU NYUMBANI."

Watu wakaitikia, wazima kwa watoto: "ASANTE!"

Nekesa alikuwa ametoka jikoni, sijui saa ngapi. Alikuja akapitisha kidole kwa ile R, juu mpaka chini. Macho yake yalikuwa na maji. Aliniambia maneno mawili tu, "Baba yangu," akaenda kuniletea kuku. Firigisi, ile sehemu ya mgeni wa heshima, ilikuwa kwa sahani yangu, si ya pastor.

Na mlango wa chuma? Wafula aliita vijana wakaubeba. Leo kuku wa Kamukuywa wanalala nyuma ya maua ya dhahabu. Mwizi akikuja atadhani ni benki.

Juzi Simiyu amenipigia simu kutoka Nairobi. Heshima nyingi, "Mzee shikamoo", mpaka nikajua kuna kitu. Anajenga, anataka mlango kama ule. Ati na maneno, ati na ule mstari chini, ati hiyo ndiyo design.

Nimemwambia sawa, nitachonga. Lakini kwanza aandike mwenyewe kwa karatasi, herufi kwa herufi, na aweke sahihi. Mimi sitabeba accent ya mtu tena.

Kile nimejifunza ni hiki. Kazi yako usimwonyeshe mtu wa mdomo kama wako peke yake, tafuta na mtu wa mdomo mwingine. Na ukikosea mbele ya watu, usikubali kufunikwa, hata na mtu mwema. Tengeneza mbele ya hao hao. Aibu ikiona umeshika patasi inakupisha njia.

Haya, nimemaliza yangu. Nataka kusikia yenu. Nani hapa ametengeneza zawadi na mikono yake, na ilipokelewaje? Na nani ako na mlango wa zamani amelalisha nyuma ya nyumba unanyeshewa? Niambie ni mti gani na uko wapi, nitakuja kuuona.

Kama ni plywood, pita tu.