Damu Niliyoiona Kwenye Shimo la Maisaka

Asubuhi nikilifunua beseni lililo nyuma ya jiko langu, inapanda harufu ya tope baridi iliyochanganyika na ya tango lililokatwa. Kabla sijashika chujio, nina miaka tisa tena, nimesimama ukingoni mwa shimo la matofali, nakodolea macho kijani kitupu.

Ndani ya beseni nafuga majani. Nilipewa kopo moja na jamaa anayefuga perege kule Sigino, baada ya kusoma kwamba kuku na samaki hunenepa nayo. Mambo haya sikufundishwa darasani. Nimeyasoma mwenyewe kidogo kidogo, kisha nikayahakikisha kwenye beseni. Kila kijani kinachoelea, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, ni mmea mzima. Hakina shina, na vijizizi vyake vinaning'inia majini bila kugusa udongo. Hakingoji mbegu pia: mtoto anachipua ubavuni, akikomaa anaachana na mama yake, naye anaanza kuzaa. Tia kiganja kimoja kwenye maji yenye samadi kidogo, na baada ya wiki chache maji huyaoni. Ila maji yawe unayoyajua, maana majani haya hunyonya na uchafu, na uchafu huo utaishia kwa kuku wako.

Sisi tuliyaita chakula cha bata. Wafyatua matofali walichimba shimo nyuma ya nyumba yetu kule Maisaka, wakahama, mvua ikalijaza, na majani yakalitanda ukingo hadi ukingo. Mama aliyachota kila asubuhi kwa chekecheke kuukuu, akayachanganya na pumba za mahindi. Bata wetu walinenepa mpaka wakawa wanatembea kama wazee wa kanisa wakipita na vikapu vya sadaka.

Mama alitukataza kusogea pale kwa sababu kuna maji. Shida ni kwamba Samweli, mdogo wangu wa miaka minne, hakuona maji yoyote. Aliona uwanja wa mpira uliokatwa nyasi vizuri kuliko wa shule.

Siku moja mama alikuwa ng'ambo ya shimo, ameinama anachota, nami nafukuza bata waliotaka kuingia bustanini. Nikageuka na kumwona Samweli anaingia uwanjani kwake. Alipiga hatua moja tu. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama wa nguo inayotumbukizwa kwenye ndoo.

Niwaambie kilichonishtua, maana kinanishtua hadi leo. Nilitegemea kuona tundu, mahali palipochanika, lakini majani yalirudi yakakutana. Uwanja ukawa mzima, umetulia, kana kwamba sijawahi kuwa na mdogo.

"We Paulina! Yuko wapi?" Mama alikuwa ameshaingia majini upande wake, anapapasa. "Nionyeshe! Wapi?"

Ningeonyesha nini? Kote kulikuwa kijani kilekile. Mkono wangu uliinuka, ukakosa pa kuelekea. Mama akazidi kwenda kusiko. Hapo ndipo nilipoona, katikati ya kijani, doa jekundu lililoiva, kubwa kama leso.

"Damu! Mama, damu! Ile pale!"

Mama aligeuka na kujitupa kule, maji yakamfika kifuani. Akazamisha mikono yote miwili, akamtoa Samweli kwa shati. Alimlaza tumbo juu ya goti, akampiga mgongoni, mpaka mtoto akatapika maji na majani, kisha akalia. Sijasikia tena kilio kitamu namna ile. Halafu mama akaanza kumtafuta jeraha: kichwani, masikioni, nyayoni. Hakuwa na hata mkwaruzo.

Jumapili mama alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Binti yangu aliona damu, alisema, na hakuna aliyeumia. Kanisa zima likanigeukia. Tangu siku hiyo nikawa mtoto aliyeonyeshwa damu. Samweli, ambaye sasa ni baba wa watoto watatu, huwasimulia wanawe hivyohivyo, nami nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Mwezi uliopita niliingiza chujio vibaya kwenye beseni, majani mengi yakapinduka. Nikaketi juu ya ndoo, nikayasogelea. Upande wa chini, kila kijani kilikuwa na rangi ya damu iliyoanza kuganda. Mguu wa Samweli ulikuwa umeyapindua, basi. Nilichokiona siku ile ni matumbo ya majani.

Nilikaa nalo siku kadhaa. Kumwambia mama ilikuwa kama kumnyang'anya ushuhuda wake. Mwishowe nikayaweka machache kwenye sahani, nikaenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeniletea mboga?"

Nikampa sahani bila kueleza. Alipindua jani moja kwa ukucha, akacheka.

"Umeliona tumbo lake leo? Na kusoma kote huko!"

"Mama, ulijua?"

"Nilikuwa nayachota kila siku, nisijue? Ila siku ile sikukumbuka kitu, nilichanganyikiwa. Kesho yake naingiza chekecheke, hayo hapo, mekundu."

"Na ushuhuda je?"

"Nilisema binti yangu aliona damu. Kwani hukuona?" Akanirudishia sahani. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Paulina, nilikuwa naelekea pembeni kabisa. Ungeniita uniambie kuna majani mekundu, ningegeuka?"

Miaka yote hii nimejisomea ili niweze kukiita kila kitu kwa jina lake. Siku ile, kama ningejua jina la nilichokiona, mama asingegeuka.