Nukta nyekundu ya Mama Bofya

Saa tatu asubuhi, chumba cha michezo ya kompyuta bado kinanuka dawa ya kudekia na viti vimepinduliwa juu ya meza. Pembeni, karibu na dirisha la nondo, mama mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani anatoa kipanya cha kompyuta kwenye boksi. Anakipindua, anakipuliza tumboni, kisha anakisogeza sikioni.

Anabofya. Anasubiri. Anabofya tena.

Halafu anafanya jambo ambalo mwaka jana hakuwa akilifanya. Anatazama kioo cha kompyuta ili ajue kama kidole chake kimebofya kweli.

"Zamani sikuwa na haja ya kutazama," anasema. "Kidole kilikuwa kinaniambia chenyewe."

Wachezaji wa mtaa huu wanamwita Mama Bofya. Jina lake la kwenye kitambulisho wengi hawalijui, na yeye hana haraka ya kuwajulisha. Kazi yake ni kupima vipanya vya bei nafuu, vile vinavyotengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta, na kuwaambia wachezaji wenye mifuko myepesi kipi kinafaa na kipi ni cha kumzawadia adui.

Mchezaji mwenye nazo hununua kipanya cha kampuni kubwa, na kikiharibika anapewa kingine. Asiye nazo hununua kile ambacho boksi lake limeandikwa kasi ya radi, taa za rangi saba na dhamana ya mwaka mzima, dhamana ambayo hakuna anayejua inadaiwa wapi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na vipanya vya bei ya chini vinajua sana kutembea.

"Taa msiziangalie," Mama Bofya huwaambia vijana wanaomzunguka mezani. "Taa ni hereni. Wewe unaoa mke au unaoa hereni?"

Yeye huburuta faili polepole kutoka pembe moja ya kioo hadi nyingine huku kitufe kimebanwa. Faili likidondoka njiani, kitufe hicho ni mgonjwa. Huinua kipanya na kukishusha aone kama mshale unaruka. Huupinda waya, maana waya mgumu humvuta mchezaji mkono. Mwisho hurudi kwenye kitufe cha kushoto na kukibofya taratibu, akitafuta maradhi yanayoviua vingi vya bei hiyo: kubofya mara mbili wakati mkono umebofya mara moja.

Kinachofaulu hukitia nukta nyekundu tumboni kwa rangi ya kucha. Chupa ya rangi alipewa na Msusi, dada wa saluni ya ng'ambo ya barabara, ambaye akimaliza vichwa vya watu huja hapa kucheza. Bila nukta, mtaa huu haununui. Duka moja la jirani liliwahi kuiga kwa kalamu ya wino. Wachezaji walilamba vidole, wakazifuta nukta palepale mbele ya mwenye duka, wakaondoka.

Kabla ya hapa, Mama Bofya alikuwa mpiga chapa. Alichapa barua za kuomba kazi za watu wengi kuliko anavyoweza kukumbuka, na anasema kwa utani kwamba waliopata kazi hawakurudi kumsalimia. Mumewe alipofariki, shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye aliyempa meza hii. Chumba amekipanga shemeji, pamoja na duka dogo lililo mbele yake.

"Shemeji hakunipa sadaka, alinipa kazi," anasema.

Hulipwa kwa kila kipanya kinachopata nukta. Kisichopata hakina malipo, kinarudi kwa muuzaji wa jumla. Siku nzuri meza humpa chakula cha nyumbani na nauli. Siku mbaya humpa nauli peke yake. Hata hivyo, watu wanaomfahamu wanasema hakuwahi kutia nukta ya njaa.

Ganzi ilianzia kwenye kidole gumba, ikahamia cha shahada, kile cha kubofyea, kisha cha kati. Vikombe vikaanza kumponyoka asubuhi. Kisha kidole kikaanza kutetemeka, na hakumwambia mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na mlango.

Ulikuwa mlango wa ndani ya mchezo. Vyumba vya michezo vya mji vilikuwa na mashindano, na mshindi angesajiliwa na timu inayolipa mshahara. Msusi, aliyechoka kusimama nyuma ya vichwa vya watu huku mgongo ukimuuma, alikuwa mchezaji hodari kuliko wote hapa. Wiki ile ile kipanya chake cha zamani kikafa. Akaja kununua kipya chenye nukta.

"Nakumbuka nilivyokipima kile," anasema Mama Bofya, na sauti yake inashuka. "Nilibofya moja, kioo kikaonyesha mbili. Nikasema ni mimi huyu, kidole kinatetemeka. Nikarudia, ikawa vilevile. Nikasema jamani, kipanya kizima, nisikionee kwa ugonjwa wangu. Nikakitia nukta."

Fundi mwingine angelaumu kifaa bila kufikiri. Huyu alikuwa amezoea kujilaumu mwenyewe kimyakimya, mpaka kifaa kibovu kikapata wakili.

Kwenye fainali Msusi alibaki na mpinzani mmoja. Alikimbilia mlango wa chumba cha kujificha, akabofya kuufungua. Mlango ukafunguka na kujifunga papo hapo, kana kwamba amebofya mara mbili. Akabofya tena, ukafanya hivyo hivyo. Mpinzani akamkuta bado amesimama nje ya mlango, akammaliza.

Kesho yake alikuja na kile kipanya, akakiweka mezani. "Mama, kinabofya mara mbili."

Mama Bofya hakukigusa. "Mwanangu, ni kidole chako," alimjibu. "Mashindano yanatetemesha."

Msusi alimtazama, akageuka, akaondoka. Hajarudi tangu siku hiyo.

Jioni yake Mama Bofya alimwomba shemeji abofye mara moja tu. Zikatoka mbili. Mkono wa shemeji hautetemeki. Wakafungua vingine vya shehena ile ile, vingi vikawa hivyo. Mama Bofya akachukua dawa ya kuondolea rangi ya kucha, akafuta nukta za shehena nzima, akaingia dukani akafuta na za vile vilivyokuwa vimetundikwa kwa wateja.

"Nilimwambia, shemeji, ungefuta za boksi hilo tu," anasimulia shemeji, ambaye anaongea huku akipanga soda kwenye friji. "Akanijibu hajui ni zipi alizozikosea. Lakini kodi ya chumba haisikilizi."

Daktari alimweleza kwamba mshipa wa fahamu umebanwa kifundoni mwa mkono. Upasuaji unaweza kuzuia hali isiwe mbaya zaidi, lakini hisia zilizokwenda huenda zisirudi. Mama Bofya anasema alitoka hospitali akapita mlango usio wa kutokea, na ilibidi mlinzi amwelekeze.

Tangu hapo hajatia nukta hata moja. Hupima, husikiliza, hutazama kioo, kisha hurudisha kipanya kwenye boksi.

"Kioo kinaniambia mbili," anasema. "Hakiniambii mbili za nani."

Duka limepoa. Wachezaji wengine wameanza kununua kwa kubahatisha, na waliobahatika vibaya wanarudi kumnung'unikia mama asiyehusika. Shemeji amemwambia kwa upole, na bila kumtazama, kwamba nukta zisiporudi kufikia mwisho wa mwezi, pale kwenye meza itakaa friji ya pili.

Anachotaka Mama Bofya ni Msusi akae naye mezani. Masikio na ujuzi viwe vyake, kidole kiwe cha Msusi, na malipo wagawane. Aliwahi kuvuka barabara hadi mlango wa saluni, akarudi.

"Alikuwa na mteja. Nitamwombaje radhi mbele ya kichwa cha mtu?"

Mwandishi wa makala haya alivuka badala yake. Msusi alikuwa akifagia nywele zilizodondoka. Alisema hana ugomvi na mtu, na mashindano yapo kila mwaka. Kisha akaacha kufagia.

"Kilichoniuma si kipanya. Kipanya ni kitu, kinaharibika. Aliniambia ni kidole changu. Mimi nashinda nafumua vifundo vya nywele ambavyo macho hayavioni, kidole changu nisikijue?" Akashika tena ufagio. "Kama ana la kusema, aje mwenyewe."

Maneno hayo yalipofikishwa mezani, Mama Bofya alifungua saraka, akatoa kipanya chenye mabaki ya wekundu tumboni. Ndicho kile.

"Kesho asubuhi nakwenda nacho," alisema. "Awe na mteja, asiwe na mteja. Nitamwambia abofye, mimi nitazame, na zikitoka mbili nitasema kwa sauti kwamba kidole chake kilikuwa kizima, kibovu kilikuwa changu. Hilo la kazi litafuata. Na lisipofuata, nitakuwa nimelisema."

Alichukua chupa ya rangi aone kama bado inafaa. Ilikuwa imeanza kuwa nzito. Akairudishia kifuniko, akakizungusha kwa vile vidole vitatu visivyohisi, akasita, akainyoosha chupa upande wa pili wa meza.

"Niangalizie," alisema. "Imefunga?"

Ilikuwa haijafunga.