Anayemlisha Placidius

Tangu kiharusi kimpige Placidius mwezi wa sita, mkewe Kokugonza hakumwonea wivu mwanamke yeyote wa Ihanda isipokuwa wifi yake. Mackrine, dada mkubwa wa Placidius, ndiye aliyekaa naye hospitalini wiki tatu, huku Kokugonza amebaki nyumbani kuchuma kahawa. Ndiye aliyefundishwa kumlisha mtu ambaye koo limesahau kazi yake: akae wima, ashushe kidevu kifuani, apewe nusu ya kijiko kidogo, ameze, ameze tena, ndipo kije kingine. Maji matupu marufuku, yasije yakateleza yakaingia mapafuni. Uji uwe mzito, ndizi zipondwe mpaka zilainike kabisa.

Waliporudi, Mackrine akabaki kwao kumuuguza. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Placidius kweli alianza kupona. Aliyeugua ni Kokugonza.

Hebu fikiria. Miaka thelathini na moja mwanamume anakula ndizi za mkono wako, leo anafumba mdomo ukimkaribia, halafu anaufungua kwa dada yake kama kinda. Mara mbili Kokugonza alijaribu. Alijaza kijiko kana kwamba mzee anawahi shamba, naye akakohoa mpaka machozi. Mara ya tatu Placidius aligeukia ukutani.

"Kwani mimi si mkewe tena?" alimuuliza Mackrine jikoni.

"Mkewe ni wewe, wifi. Ila una haraka."

Neno hilo lilimchoma siku nne.

Jumapili wanakwaya walikuja kumwona mgonjwa. Kokugonza akapitisha kikapu cha kahawa za kutafuna, kama ilivyo desturi, kila mgeni akachukua. Akafika kwa mumewe. Amruke mwenye nyumba, nyumbani kwake, mbele ya watu? Tena Mackrine alikuwa nje. Akamtia punje mbili mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe, na akaona raha, nasema kweli, raha ya mtu aliyerudishiwa chake.

Placidius akakabwa. Macho yakamtoka. Mackrine akaingia mbio, akamwinamisha, akampiga kati ya mabega mara nne, mara tano, mpaka punje zikaruka sakafuni. Wanakwaya waliondoka bila kuimba.

Kokugonza alingoja matusi. Mackrine hakutukana. Alikoroga uji wa mgonjwa, akamwita wifi yake jikoni, akamvutia kiti.

"Huwezi kumlisha kabla hujalishwa. Kaa wima. Kidevu chini."

"Mimi mzima."

"Kidevu chini, waitu," Mackrine akambembeleza.

Nusu kijiko. "Meza. Meza tena." Mkono wa Mackrine ulisubiri mpaka koo litulie, ndipo ukarudi. Kokugonza akaanza kulia, uji ungali mdomoni. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka sita. Tangu hapo amelisha wadogo zake, mume, watoto saba, wakwe na wageni, na hakuna aliyewahi kumlisha yeye. Ghafla akamwonea wivu Placidius, wivu mkali kuliko ule wa wifi: kulishwa hivi mara tatu kwa siku!

"Umeshajua sasa," Mackrine akasema, akitaka kuinuka. "Nenda kamlishe."

"Bado," akasema Kokugonza, akafungua mdomo.

Alimaliza bakuli zima la mgonjwa.