Kumtazama Kandida Kutoka Ng'ambo

Mama yangu haamini picha. Mdogo wangu Kandida ni mtawa, anauguza masista wazee katika mji wa Siena, Italia, na kila mara alikuwa akituma picha kwenye simu ya kaka yetu kijijini kwetu Maguu: Kandida mbele ya kanisa, Kandida na sahani ya tambi, Kandida kwenye theluji. Mama anaziangalia, anarudisha simu. "Picha inaonyesha ilichoambiwa ionyeshe," anasema, na kuendelea na kazi yake.

Mwaka jana masista wa kule walimwomba Kandida abaki kwao moja kwa moja. Akawaambia hatajibu mpaka mama akubali. Mama naye akagoma kukubali au kukataa mpaka mtu wa nyumbani aende akamtazame kutoka ng'ambo.

Asiyejua Umatengo atashangaa. Kwetu milima inatazamana, bonde likiwa katikati. Ukitaka kujua mtu anaishije, huanzii uani kwake, maana pale atakupa kigoda na kukuchinjia kuku, na wewe utashiba na kusema mambo ni mazuri. Unasimama mlima wa pili, unatazama. Moshi unatoka jikoni? Shamba limefanywaje? Mimi nilipoolewa Kihagara, kule ziwani, mama alikaa juu ya kilima nyuma ya kijiji karibu nusu siku kabla ya kushuka kuwasalimu wakwe. Wanyasa wale wananitania kwa hilo mpaka leo.

Kwa hiyo nikatumwa mimi, dada mkubwa. Nasema wazi kwamba nilikwenda nikiwa na nia ya kumrudisha. Mama anazeeka, na mimi nimechoka kuwa binti pekee anayeitwa kila akiugua.

Kutoka Kihagara nilipitia Maguu kuaga. Barabara ikishaacha ziwa inapanda milima, na ukigeuka unaliona ziwa lote hadi milima ya Malawi. Nililitazama sana siku ile, nikijua ninakokwenda nitaombwa nishangae vitu vingine. Mama alinipa agizo moja tu. "Usiniletee habari za makanisa. Makanisa tunayo."

Songea, Dar es Salaam, kisha ndege ambayo masista walinilipia. Roma sikuiona zaidi ya kituo cha basi. Safari ya kwenda Siena ilipita kwenye vilima vilivyolimwa mizabibu kwa mistari iliyonyooka, na kila nilipoona mteremko nilijiuliza mvua ikipiga udongo unaenda wapi. Jioni basi likasimama, na Kandida alikuwa pale na mkuu wa nyumba yao, sista mwembamba anayetabasamu.

"Shikamoo dada," Kandida akasema, akapiga goti pale pale barabarani.

"Marahaba Sista," nikamjibu, maana mbele ya mkubwa wake ningemwitaje tena. Alikuwa amenenepa kidogo, nikaona wivu, nikafurahi, vyote pamoja.

Wakati wa chakula cha usiku nilimnong'oneza kwa Kimatengo amwambie mpishi, kwa heshima, kwamba amesahau chumvi kwenye mkate. Kandida akacheka mpaka machozi. Kumbe mkate wa kule ndivyo ulivyo, wanaoka bila chumvi makusudi. Nikaula. Mgeni hachagui, lakini siwezi kuusifu.

Asubuhi yake tulianza kutafuta mahali pa kuutazamia mji. Kandida alikuwa amejipanga. Kwanza alinipandisha mnara wa uwanja mkubwa, ule uwanja unaoinama kuelekea katikati kama ungo. Ngazi ni nyembamba, unapishana na watu kwa kubana tumbo. Juu kule watu walikuwa wanashangaa kwa lugha zao zote. Ni kweli, kunapendeza: vigae vyekundu pande zote, kisha mashamba, kisha milima ya mbali.

"Nyumba yenu iko wapi?" nikamwuliza.

Akanyoosha kidole chini. Niliona paa katikati ya mapaa. "Hapa tuko juu ya watu," nikamwambia. "Ukiwa juu ya mtu unaona paa lake tu."

Mchana tukapanda ukuta mrefu karibu na kanisa kuu, ukuta wa kanisa jingine ambalo wazee wa mji walianza kulijenga wakashindwa kulimaliza. Pale napo ni juu. Kesho yake tukaenda kanisa la Mtakatifu Dominiko. Hapo nilinyamaza, kwa sababu pale ni ng'ambo hasa: bonde liko chini yako, na upande wa pili kanisa kuu limesimama na mistari yake myeupe na myeusi. Mji ule, kumbe, umekaa kama Maguu, juu ya migongo ya vilima, na mabonde yanaingia hadi ndani ya ukuta wake. Niliupenda pale kwa mara ya kwanza. Lakini nyumba ya Kandida ilikuwa bonde jingine.

"Na huku kwenu kunatazamwa kutoka wapi?" nikauliza.

"Hakuna mahali pazuri, dada," akasema, na akaanza kunieleza habari za kanisa. Mimi nimemlea Kandida mgongoni. Akianza kuongea haraka namna ile najua kuna jambo.

Siku ya tatu, yeye akiwa anawaogesha wazee, nilitoka peke yangu. Nikafuata mji ulivyozunguka bonde, nikiuliza kwa vidole, hadi kanisa moja la matofali lililoko kilima cha pili, lenye ngazi pana mbele. Watalii hawakuwapo, alikuwapo mama mmoja tu na mbwa wake. Nikakaa kwenye ngazi, nikatazama ng'ambo.

Mji wote ulikuwa mbele yangu, mnara, kanisa kuu, nyumba zimepandana. Nadhani hakuna mahali bora pa kuuona. Nikashuka na macho mpaka nyumba ya masista, nikaona mizeituni, na chini ya mizeituni, kwenye mteremko mkali, nikaona ngoro.

Sikukosea. Ngoro, kilimo chetu cha mashimo cha Wamatengo, naijua kama kiganja changu. Unalaza majani kwa miraba, unachimba udongo katikati, unayafukia. Matuta yanabeba maharage, mashimo yanashika mvua. Zilikuwa zimepangwa mteremko mzima, na maharage yameshatoa majani. Ni kazi ya kuvunja kiuno, na faida yake kubwa huja miaka ya mbele majani yakishaoza. Hakuna mtu anayechimba ngoro mahali anapopita.

Nilikasirika. Nikakaa pale mpaka hasira ikaisha, ikabaki huzuni.

Nilimkuta jikoni. "Umechimba ngoro," nikamwambia.

Akaweka sufuria chini. "Nilitaka mama akubali kwanza, dada."

"Lakini umeshachimba."

"Msimu ungepita," akasema.

Hata mimi ningesema hivyo hivyo. Nilimwuliza maswali machache, akanipeleka bustanini, na siku zilizobaki tulipalilia pamoja. Kuhusu kurudi sikumtajia tena.

Kurudi njia ilikuwa ile ile, ila fupi, kama safari za kurudi zilivyo. Nilifika Maguu mchana. Mama hakuniuliza habari za ndege wala mkate. Nilimweleza nilivyokaa ng'ambo, na nilichokiona chini ya mizeituni.

Akauliza, "Nani alimlazia majani?"

Kwetu kufyeka na kulaza majani ni kazi ya wanaume. Mwanamke asiye na mume hulaziwa na kaka zake. Mama alikuwa anauliza kama mwanawe ana watu.

"Masista wenyewe, mama. Wale wazee anaowauguza. Walioweza kuinama waliinama. Mmoja ni wa umri wako, hawezi kusimama bila fimbo, alilaza mistari miwili akiwa amepiga magoti."

"Basi ana ndugu," mama akasema. "Mwambie abaki." Kisha akajifunika uso kwa khanga, akalia, nami nikalia naye.

Nimejifunza kwamba mtu anaweza kupata kwao kwingine bila kuacha kwao kwa kwanza, na kwamba jambo hilo linawauma zaidi wanaobaki. Jioni hiyo nilimpigia Kandida, nikamwambia mama amekubali. Akashukuru, kisha akaniuliza kama na mimi nimekubali.

Nikamwambia bado.